Vidonge vya Damu na Chuma cha Kinuni

Kidonge chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na ganda jekundu la kung'aa, ukikilamba kitamu kidogo, ukikichelewesha mdomoni kinaanza kuwa na ladha ya msumari. Kukimeza ni jambo la kufumba na kufumbua. Lakini binti yangu wa pili alikigeuza kuwa vita, na vita hiyo ilinitoa kwenye pamba yangu kule karibu na Songwa wakati imeshapasuka, ikanipeleka kwa wachimba dhahabu upande wa Bugarama, ikaniweka huko mpaka nikasahau harufu ya jiko langu.

Majina ya wote waliokuwepo ninayo kichwani, hata jina la mbwa wa kambi. Wengine sasa wana watoto wenye heshima zao, basi yatabaki kichwani humo humo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni na sukari zimekuwa hadithi. Mumewe binti yangu alikuwa ameacha kulima na kuhamia machimboni, akachukua na mke. Mimba ya kwanza waliipoteza huko, na damu ikamtoka nyingi mno. Mimba ya pili ilipovuka nusu, dereva mmoja wa lori la mizigo akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Mama, mwanao anakusalimu," akasema. "Lakini mimi ningekuwa wewe nisingeishia kwenye salamu."

"Ana nini?"

"Akitoka kisimani anakaa chini mara kadhaa kabla ya kufika. Na uso wake umekuwa kama wa mtu aliyepakwa majivu."

Nikamwachia dada yangu pamba, nikapanda lori hilo hilo.

Nilimkuta kwenye kibanda cha miti na nyasi, ameinama ukutani. Nikadhani anatapika. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha, ukuta wa udongo umelowa, na yeye anaulamba. Mtu mzima, mke wa mtu, analamba nyumba.

"Mayu," akaniita kwa Kisukuma, kama alivyoniita tangu utoto, "usinitazame hivyo. Harufu yake inaniita."

"Na vidonge vya zahanati, harufu yake haikuiti?"

Akajifuta udongo mdomoni. Nikajua. Nilipekua kibanda kile, na hakikuwa na pa kupekua pengi, nikakuta kopo nyuma ya mtungi. Vidonge vyote vya miezi yote vilikuwamo, vimeshikana kwa unyevu, vimekuwa donge moja jekundu. Alikuwa anakwenda kliniki, anapokea, anashukuru, anarudi anavificha.

"Vinanichafua tumbo," akasema. "Halafu choo kinakuwa cheusi kama lami. Mama wa jirani ameniambia hiyo ndiyo damu yenyewe inaungua na kutoka."

"Mama wa jirani ni daktari?"

"Amezaa watoto wengi."

"Hata mbuzi wangu amezaa wengi. Nitampeleka akapime wagonjwa?"

Kesho yake nikamkokota mpaka zahanati. Muuguzi, mwanamke wa Kihaya aliyeongea haraka, alivuta kope la chini la jicho la binti yangu, akaniita nitazame. Ndani palikuwa peupe kama tui.

"Bibi, huyu akiingia kwenye uchungu na damu hii, hana cha kupoteza," akasema. "Mtu mwingine akimwaga kikombe wakati wa kuzaa atasimama. Huyu kikombe kitamwondoa. Chuma kimekwisha mwilini, na bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu. Choo cheusi ni chuma kilichozidi kinapita, si damu. Ameze baada ya kula tumbo lisimchafuke, na asinywe na chai, chai inakizuia. Anywe na maji ya ukwaju au ndimu."

Hapo ndipo jambo la pili lilipoanza, maana mkwe wangu alikuwa nje ya dirisha amesimama na baiskeli, na alisikia yote.

Sharti nieleze habari ya mkwe. Kwetu wakati ule mama mkwe na mume wa binti yake hawakutazamana usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hampeani mkono, hamli pamoja, na kama kuna la kusema mnapitisha kwa mtu mwingine. Sasa nyumba ni kibanda kimoja, na mtu wa kati ni binti yangu ambaye hana pumzi ya kusema habari zake mwenyewe. Mimi nililala kwa mama wa jirani, yule yule wa choo cheusi, na mchana mkwe akirudi kutoka shimoni anakohoa kwa nguvu mbali kabisa ili nipate kuingia ndani au kugeukia ukuta. Nilichoka kugeukia ukuta.

Nikaanza kusimamia vidonge. Nampa kidonge, anameza, ananionyesha ulimi. Baadaye nakikuta kwenye majivu. Alikuwa anakificha kwenye shavu kama tumbili. Nikawa natia kidole mdomoni mwake kama ninavyomfanyia ndama, naye ananiuma. Tukagombana asubuhi, tukagombana jioni. Siku alizomeza kweli, anataka chai. Nikimnyima chai analia. Mwanamke aliyekaribia kunifia analilia chai isiyokuwa hata na sukari.

Halafu nikaanza kuona uji wake una michanga. Nilimpikia mwenyewe, unga nimeuchekecha, lakini nikionja alichobakiza nasikia kitu kinasaga menoni. Siku moja nikajifanya nimekwenda kuchota maji, nikarudi kwa nyuma. Mkwe wangu alikuwa amechuchumaa jikoni na kikaratasi, ananyunyiza kitu cheusi kwenye bakuli, anakoroga kwa uangalifu kama mtu anayetia chumvi mboga ya wageni.

Wachimbaji wale walitwanga mawe yao kwenye vinu vya chuma. Kinu na mchi vinalika kidogo kidogo, na chuma kinachotoka kinajichanganya na unga wa mawe. Kabla ya kutafuta dhahabu wanapitisha sumaku juu ya karai, chuma kinanasa, wanakitupa. Mkwe wangu yeye hakukitupa tena. Alikiosha, akakianika, akakifunga kwenye karatasi.

Nikageukia ukuta upesi. Na hasira zote zile nilikuwa naongea na ukuta. Kuku alikuwa anadonoa pale mlangoni, nikamtumia huyo.

"Wewe kuku," nikasema, "mwambie mwenye mji huu kwamba mwanangu hajaolewa aje kulishwa vinu."

Akatoka na kikaratasi chake. Halafu nikasikia nyuma ya kibanda, kwa sauti ya heshima kabisa, "Kuku, mwambie mama kwamba muuguzi mwenyewe amesema chuma kimekwisha. Chuma mimi ninacho."

"Kuku, mwambie chuma cha muuguzi kimetengenezwa na watu waliosoma."

"Kuku, mwambie mama kile ni unga wa chuma na hiki ni unga wa chuma. Tena hiki nimekivuta kwa sumaku kabla ya kutia zebaki ya kunasia dhahabu. Ni kisafi."

"Kuku, muulize kama yeye mwenyewe amekionja."

"Nimekionja," akasema, akamsahau kuku. "Kila nikimtilia, nakionja kwanza mimi."

Binti yangu akaanza kucheka kule ndani, akacheka mpaka akakosa pumzi. Nikaingia, nikamkuta ameshika kifua, midomo imekuwa ya kijivu. Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka shingoni ninauona. Nikashika miguu yake. Ilikuwa imejaa maji, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Hapakuwa tena na la kubishana. Kilichokuwa kinakwisha kwenye mwili ule kilikuwa kinakwisha mbele yangu.

Mkwe akampakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka barabarani. Mimi nikafuata kwa mbali, yeye asigeuke, mimi nisikaribie. Kila binti yangu alipoyumba mimi ndiye niliyeona, nikawa napiga kelele, "Anaanguka," bila kusema ninamwambia nani. Lori lilipopatikana dereva akataka mama mkwe na mkwe wakae pamoja mbele na mgonjwa. Sisi tukapanda nyuma, kila mtu kona yake, magunia ya mpunga katikati.

Hospitalini walimpima choo na damu. Mganga aliyekuja kutueleza alikuwa kijana, miwani imefungwa kwa uzi. Akasema tumbo la binti yangu limejaa minyoo ya safura. Inaingia kwa nyayo za miguu, kwenye udongo ambao watu wanajisaidia ovyo, inakwenda kujishikiza matumboni na kunyonya. Nikakumbuka kambi ile, watu wote wale na hakuna choo hata kimoja, na mwanangu peku kwenye vichaka.

"Kwa hiyo hata angemeza vidonge vyote," nikasema, "angekuwa anailisha minyoo."

"Kiasi. Ndiyo maana tutampa dawa ya minyoo, na chuma tutampa kwa sindano maana naambiwa kwa vidonge hamwelewani. Lakini hivyo vyote vinakwenda taratibu. Leo anahitaji damu ya mtu."

Nikamweleza habari ya chuma cha kinu, nikitumaini atamkemea mkwe kwa niaba yangu. Alivua miwani, akaifuta. "Hakina kipimo na kimechanganyika na mawe," akasema. "Kinaweza kumchubua tumbo. Asipewe tena." Basi. Nilitaka zaidi.

Tukakalishwa kwenye benchi moja, mimi na mkwe. Muuguzi wa maabara aliyekuja kupima damu zetu hakuwa mtu wa kwetu, alitusogeza kwa mabega mpaka tukagusana, mimi nimejifunika kanga usoni, mkwe amegeukia mlango. Nikatangulia mimi, nikanyoosha mkono. Mama ndiye atoe, nani mwingine. Akanichoma kidole, akaenda, akarudi.

"Mama, hii yako hatuwezi kuichukua. Na wewe huna damu."

"Mimi sina damu? Nimelima msimu mzima."

"Umelima peku?"

Ningelima na nini? Akanipa bahasha ya vidonge vyekundu. Vile vile. Na dawa ya minyoo juu yake. Binti yangu alipopata habari, amelala pale hawezi kuinua kichwa, alipata nguvu ya kusema, "Mayu, onyesha ulimi."

Nilivimeza. Vilinichafua tumbo kama alivyosema, na siku ile ya kwanza nilitapika nyuma ya jiko la hospitali. Sikumwambia.

Ikabaki mkwe. Damu yake ililingana. Lakini mwanamume yule anayeteremka kwenye duara, shimo refu kama kisima, ameshikilia kamba, alipoiona sindano ile nene na chupa, akasimama, akasema anakwenda kuangalia baiskeli. Baiskeli tuliiacha kule barabarani.

Palikuwa na nguzo katikati ya ukumbi. Nikaiegemea.

"Nguzo," nikasema, "mtu anayekula chuma anaogopa sindano ya chuma."

Akasimama, mgongo kwangu.

"Nguzo, mwambie mama siogopi. Nasikia ukitoa damu nguvu za kiume zinakwisha."

"Nguzo, muulize, mke wake akifa hizo nguvu ataziweka wapi?"

Wauguzi walicheka, mmoja akaangusha trei. Mkwe akarudi, akalala, akafumba macho, akatoa. Niliona chupa ile ikining'inizwa juu ya kitanda cha mwanangu, ikidondoka taratibu, maana walisema ikienda haraka moyo wake hautaweza. Nilikaa nikiitazama mpaka jioni. Kucha zake zikaanza kupata rangi, rangi kidogo tu, ya ganda la karanga.

Baadaye zikaanza sindano za chuma. Dawa yenyewe ya kahawia iliyokolea, wanamvuta ngozi ya kalio pembeni kabla ya kuchoma isivuje, na bado iliacha doa jeusi. Analia, anasema kuliko hizi bora vidonge. Nikamtazama. Nikamvutia shuka.

Kitanda cha jirani alilala mtoto wa kike mwenye macho ya manjano, mwenye ugonjwa ule ambao pale waliuita siko seli. Mifupa inamuuma mpaka anakaza meno, na damu yake inavunjika yenyewe ndani ya mwili. Kila siku alipewa kidonge kidogo cha njano, foliki, na dawa ya kuzuia malaria. Mama yake alitazama vidonge vyangu vyekundu vinavyong'aa, vikubwa kuliko hicho cha njano, akaona mwanawe anapunjwa. Akamwuliza muuguzi mbele yetu sote. Muuguzi akamweleza vizuri: mtoto huyu chuma chake hakijapungua. Damu ikivunjika, chuma kinabaki mwilini. Ukimwongezea bila kupimwa kinarundikana kwenye ini na moyo. Yeye anachohitaji ni hicho cha njano, cha kusaidia mwili utengeneze damu mpya kwa haraka inayovunjika. Sote tulisikia. Mkwe wangu alikuwapo, amesimama mlangoni.

Kesho yake nimetoka kuosha bakuli, narudi, namkuta amechuchumaa kando ya kitanda cha yule mtoto. Amefungua bahasha yangu. Ana kidonge changu katika vidole, na kikombe cha maji, anambembeleza mtoto, "Meza mama, meza, upate nguvu kama shangazi wa kitanda kile."

Sikutafuta kuku. Sikutafuta nguzo. Nilimshika kifundo cha mkono nikaminya mpaka kidonge kikaanguka, nikamgeuza, nikamwambia usoni, macho kwa macho.

"Wewe baba, una wazimu gani? Jana umeambiwa nini? Kila mtu duniani ukimwona anaumwa unataka kumtia chuma?"

Wanawake wa Kisukuma waliokuwa wamekaa vitandani walifunika midomo. Bibi mmoja wa Ushirombo alifanya ishara ya msalaba. Mimi bado nimemshika mkono mkwe wangu, na yeye ananitazama, na mimi namtazama. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba ana kovu kwenye nyusi, na kwamba ni kijana sana.

"Mama, nilidhani kidogo hakitamdhuru," akasema. "Ameumwa usiku kucha. Nilimsikia."

"Ulimsikia muuguzi?"

"Nilimsikia. Lakini mtoto alikuwa analia."

Nikauachia mkono wake. Tukabaki tumesimama, hakuna anayejua sasa ageukie wapi, mpaka yeye akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. Ningesema nini kingine? "Kaokote kidonge changu."

Tangu siku ile hatukukwepana tena. Ndugu zake waliposikia walisema nimevunja mwiko na balaa itaingia kwenye mimba. Mimi niliwaambia balaa ilikuwa imeshaingia kwa nyayo za miguu. Nikamtuma mkwe arudi kambini achimbe choo. Alichimba kirefu kama duara lake, wenzake wakamtania kwamba amepata mshipa wa dhahabu huko chini, na wawili wakateremka kuangalia.

Binti yangu alijifungua hospitalini hapo hapo, mtoto wa kiume mwenye kelele. Damu ilimtoka. Nilisimama nje, mgongo ukutani, nikasikia mkunga anaita chupa nyingine ikae tayari, na nikasikia anasema bado, bado, ngojeni. Baadaye akatoka anajifuta mikono. Chupa haikutumika. Alikuwa na damu ya kupoteza.

Wakampa vidonge vya kumeza wakati wote wa kunyonyesha, vyekundu asubuhi, cha njano jioni, na viatu vya plastiki mkwe alivinunua mwenyewe. Nikarudi nao kambini. Nilikuwa nimeapa sitaondoka mpaka vidonge vile viishe. Asubuhi namfuata na kikombe cha ukwaju. Jioni namfuata. Nikiona chai naimwaga. Nikikuta ukuta umelowa nauangalia kama una alama ya ulimi. Mama wa jirani alipokuja na habari zake za choo cheusi nilimfukuza kwenye mlango ambao si wangu.

Asubuhi moja nimesimama na kikombe changu, binti yangu amembeba mtoto upande mmoja, upande mwingine ana ndoo iliyojaa, ametoka kisimani moja kwa moja bila kukaa. Akatua ndoo. Akanipokonya kidonge, akakirusha mdomoni, akameza bila maji, akapanua mdomo wazi mbele ya uso wangu.

"Umeona? Haya. Mayu, kesho kuna lori la Shinyanga. Nenda nyumbani kwako."

"Nani atakusimamia?"

"Nenda nyumbani kwako," akarudia, na sauti yake ilifika mpaka kwa wale waliokuwa wanatwanga mawe, maana vinu vilisimama. Mkwe akachungulia nyuma ya kibanda, akamwona mkewe alivyosimama, akarudi alikotoka.

Nilikasirika sana. Nikaingia ndani nikaanza kufunga mzigo wangu.